Nani anasikia hodi? Namna ya kupanga taarifa za barua pepe kwa fomu za tovuti ya kanisa



Mwaka jana nilipewa kazi ya kutengeneza upya tovuti ya kanisa letu. Haikuonekana kazi kubwa: picha zilikuwa za zamani, saa za ibada zilikuwa zimebadilika, na jina la mchungaji aliyehamishwa lilikuwa bado kwenye ukurasa wa kwanza. Lakini nilipoingia ndani, mahali ambapo tovuti hutunza mambo yake, nilikuta sehemu moja ambayo hakuna aliyewahi kunitajia. Mlikuwa na barua 41. Zote zilitoka kwenye fomu ya "Wasiliana nasi", na hakuna hata moja iliyokuwa imefunguliwa.

Nilizisoma zote usiku ule. Nyingine zilikuwa za wadanganyifu wanaotangaza mikopo. Lakini mama mmoja aliyekimbilia Kampala na watoto wake alikuwa anaomba cheti cha ubatizo cha mwanawe, kwa kuwa kile cha kwanza kilibaki nyumbani siku walipokimbia. Aliandika mara tatu. Kijana mmoja aliomba wazee waende hospitalini kumwombea baba yake. Alitaja hata chumba na kitanda. Nilipotazama tarehe, miezi mitano ilikuwa imepita, na yule baba tulikuwa tumekwisha kumzika. Hapo nilikumbuka kwamba kwenye matanga kijana huyo hakutaka kuzungumza na wazee. Sisi tulidhani ni huzuni tu.

Hakuna mtu aliyewafungia mlango kwa makusudi. Fomu ilipotengenezwa, taarifa zake zilielekezwa kwenye barua pepe ya katibu wa wakati ule. Katibu alihamishwa, akaacha kutumia anwani ile, na hakuna aliyekumbuka kuibadilisha. Fomu iliendelea kumwambia kila mtu: "Asante, ujumbe wako umepokelewa."

Makala hii ni kwa ajili ya makatibu, wachungaji na vijana wanaoshughulikia habari katika makanisa yetu. Inaeleza namna taarifa za barua pepe zinavyofanya kazi, mahali zinapopotelea, na namna ya kuzipanga ili anayebisha afunguliwe.

Roda alileta habari, lakini mlango ulibaki umefungwa

Katika Matendo ya Mitume sura ya 12, Petro ametolewa gerezani usiku. Anafika kwenye nyumba ya Mariamu, mama yake Yohana Marko, ambako waumini wengi wamekusanyika wakiomba. Anabisha. Msichana aitwaye Roda anaitambua sauti yake, na kwa furaha anakimbia ndani kutoa habari, akiwa hajafungua mlango. Waliomo ndani hawamsadiki, wanaona amechanganyikiwa. Wakati huo wote Petro yuko nje, anaendelea kubisha.

Tukiitazama vizuri habari hiyo tunaona mambo matatu tofauti: yuko anayebisha, yuko anayepeleka habari, na wako wanaopaswa kufungua. Fomu ya tovuti nayo ina mambo hayo matatu. Mtu anaandika na kubonyeza "Tuma". Tovuti inapeleka barua pepe kwa mhusika. Mhusika anafungua, anasoma, anajibu. Mara nyingi tunashughulikia jambo la kwanza tu. Tunatengeneza fomu nzuri yenye rangi za kanisa, tunashukuru fundi, tunakwenda nyumbani.

Petro aliendelea kubisha mpaka wakafungua. Anayejaza fomu si rahisi afanye hivyo. Akiisha kuona neno "Asante", anaamini kwamba kanisa limesikia. Kimya kinachofuata anakichukua kuwa ndilo jibu.

Safari ya ujumbe kutoka kwenye fomu

Mtu anapobonyeza "Tuma", maneno yake hayaendi moja kwa moja kwenye simu ya mchungaji. Yanakwenda kwanza kwenye seva, yaani ile mashine inayobeba tovuti yenu, ambayo huenda iko Ulaya au Marekani. Hapo seva inaweza kufanya kazi mbili: kuyatunza maneno hayo katika hifadhi yake, na kutuma barua pepe ya kuarifu kwamba kuna ujumbe mpya.

Barua pepe hiyo nayo ina safari. Inafika kwenye seva ya wanaotunza sanduku lenu la barua, kwa mfano Gmail au Yahoo. Wao huikagua mlangoni: imetoka wapi, inatumia jina la nani, je, aliyeituma ana ruhusa ya kutumia jina hilo? Ikipita, inaingia kwenye sanduku. Ikitiliwa shaka, inatupwa kwenye folda ya spamu, yaani barua taka. Ikionekana ni ya uongo kabisa, inakataliwa pale pale, na pengine hakuna mtu anayeambiwa.

Kwa hiyo ujumbe unaweza kupotea mahali pengi: seva isipotunza, barua isipotoka, ikizuiwa mlangoni, ikianguka kwenye taka, au ikimfikia mtu ambaye hayuko tena. Mafundisho yanayofuata yanagusa kila mahali hapo.

Kama mnatumia fomu za Google

Makanisa mengi hayana tovuti kubwa. Yanatumia fomu za Google kwa sababu hazilipiwi, kisha yanaweka kiungo chake kwenye WhatsApp au Facebook. Njia hii ni nzuri, na majibu yote yanatunzwa yenyewe. Lakini Google haitawaarifu mpaka muiombe.

Fungua fomu yako ukiwa umeingia kwa akaunti yako. Nenda kwenye sehemu ya majibu. Hapo juu utaona vidoti vitatu vilivyosimama. Vibonyeze, kisha chagua mstari unaosema utapata barua pepe kila likija jibu jipya. Imekwisha. Ni kazi ya dakika moja.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui: mpango huo ni wa mtu aliyeuwasha, si wa fomu nzima. Mchungaji akiuwasha kwenye akaunti yake, katibu hatapata chochote, hata kama naye ana ruhusa ya kuifanyia fomu kazi. Kila mmoja lazima auwashe kwake mwenyewe. Na yule aliyeuwasha akihama, taarifa zinahama naye. Kwa sababu hiyo ni afadhali fomu itengenezwe kwa akaunti ya ofisi ya kanisa, isiwe ya kijana mmoja mwenye moyo wa kujitolea ambaye mwakani atakwenda kusoma mji mwingine.

Kama mna tovuti ya WordPress

Tovuti nyingi za makanisa na mashirika zimejengwa kwa WordPress. Hapo fomu huletwa na programu ya nyongeza, ambayo mafundi huiita plagini. Inayojulikana sana ni Contact Form 7. Kila plagini ina ukurasa wake, lakini sehemu za taarifa ya barua pepe zinafanana. Hizi ndizo za kuangalia:

1. Anwani ya anayepokea. Mara nyingi hujazwa yenyewe na anwani ya aliyefunga tovuti siku ya kwanza. Ibadilisheni iwe ya ofisi. Hapa ndipo barua zetu 41 zilipokwama.

2. Anwani ya anayetuma. Iwe anwani ya tovuti yenu wenyewe, yaani ile inayoishia na jina la tovuti. Wengi huweka hapo anwani ya mtu aliyejaza fomu, wakifikiri ndiye aliyetuma. Kwa macho ya Gmail na Yahoo hilo ni kosa kubwa, kama nitakavyoeleza hapa chini.

3. Anwani ya kujibiwa. Hapa ndipo mahali pa kuweka anwani ya aliyejaza fomu. Katibu akibonyeza "Jibu", jibu litamwendea mhusika. Msipoijaza, mtajikuta mnaijibu tovuti yenu wenyewe.

4. Kichwa cha barua. Kiwe kifupi na kinachotambulika, kwa mfano: "Tovuti: ombi jipya". Kichwa kikiwa kile kile kila mara, ni rahisi kukitafuta, na ni rahisi kuagiza sanduku lisizitupe barua hizo kwenye taka.

5. Maneno ya ndani. Hapa mnachagua ni majibu gani ya fomu yaingie kwenye taarifa. Msiharakishe kuyaingiza yote. Tutarudi kwa jambo hilo tutakapozungumza juu ya siri.

Angalieni pia saa. Tovuti nyingi huanza na saa ya dunia iitwayo UTC, na sisi wa mashariki ya Kongo tuko mbele yake kwa saa mbili. Msipobadilisha, barua iliyoandikwa usiku wa manane itaonekana imeandikwa saa mbili kabla ya hapo. Ni jambo dogo, lakini mtu akiandika kwamba yuko hatarini, saa ina maana.

Kwa nini taarifa zinaangukia kwenye taka

Baada ya kupanga hayo yote, makanisa mengi hulalamika: "Tumejaribu, hakuna kilichofika." Mara nyingi barua ilitoka, ila ilizuiwa mlangoni.

Fikirini mtu anayefika paruwasi ya mbali akisema ametumwa na mchungaji fulani kuchukua sadaka. Wazee wenye busara watamwomba barua yenye muhuri, tena watapiga simu kuuliza. Siku hizi wanaotunza masanduku ya barua pepe hufanya vivyo hivyo, kwa sababu wadanganyifu wanatumia majina ya watu wengine kila siku. Ukaguzi wao una sehemu tatu.

SPF ni orodha ya seva zenye ruhusa ya kutuma barua kwa jina la tovuti yenu. DKIM ni muhuri wa siri unaopigwa kwenye kila barua, kuonyesha kwamba kweli imetoka kwenu na haikubadilishwa njiani. DMARC ni agizo lenu kwa seva nyingine: barua ikija kwa jina letu bila kupita ukaguzi, fanyeni hivi au vile.

Yahoo iliweka agizo kali la namna hiyo tangu mwaka 2014: barua yoyote inayojiita ya Yahoo bila kutoka kwa Yahoo ikataliwe. Ndiyo maana nimesema msiweke anwani ya mgeni mahali pa anayetuma. Mama mwenye anwani ya Yahoo akijaza fomu, seva ya tovuti yenu itajifanya ni Yahoo, nayo Gmail itaitupa barua. Mama hakufanya kosa lolote. Fomu ndiyo iliyopangwa vibaya. Tangu mwezi wa pili mwaka 2024 Google nayo imekaza: kila anayetuma barua kwa akaunti za Gmail anapaswa kuwa na SPF au DKIM, na wanaotuma zaidi ya barua 5.000 kwa siku wanapaswa kuwa na yote matatu.

Tufanye nini basi? Kuna njia mbili, na ni vizuri kuzitumia pamoja.

Njia ya kwanza ni kumwomba aliyewauzia nafasi ya tovuti awawekee SPF na DKIM kwenye jina la tovuti yenu. Wauzaji wengi wana ukurasa wa kufanya hivyo kwa kubonyeza tu. Mabadiliko hayo yanaweza kuchukua mpaka saa 48 kuenea, kwa hiyo msikate tamaa siku ile ile.

Njia ya pili ni kuacha namna ya kawaida ya WordPress ya kutuma barua, ambayo haithibitishi anayetuma, na kutumia njia iitwayo SMTP. Kwa njia hii tovuti huingia kwanza kwenye sanduku halisi kwa jina na neno la siri, kama mtu anavyoingia, ndipo hutuma. Ziko plagini za kazi hiyo. Mtaombwa jina la seva ya barua, namba ya mlango, ambayo kwa kawaida ni 587 au 465, anwani na neno la siri. Mkitumia akaunti ya Gmail, msiweke neno la siri mnaloingilia kila siku. Washeni kwanza uthibitisho wa hatua mbili, kisha mwombe Google neno la siri maalumu la programu, lenye herufi 16, mkaliweke hilo. Siku mtakapogombana na fundi, au tovuti itakapoingiliwa, mtalifuta hilo tu na akaunti itabaki salama. Gmail ya bure inaruhusu barua 500 kwa siku. Kwa kanisa la mahali hizo ni nyingi mno.

Jambo la mwisho hapa ni sanduku lenyewe. Akaunti ya bure ya Google ina nafasi ya gigabaiti 15, na nafasi hiyo ni ya barua, picha na mafaili pamoja. Kijana wa habari akijaza picha za kongamano, barua mpya zitakataliwa. Folda ya taka nayo hufutwa yenyewe: Gmail huondoa kila kilichokaa humo siku 30. Na akaunti isiyoguswa kwa miaka miwili inaweza kufutwa kabisa. Anayesema "nitaangalia siku moja" ajue kwamba siku hiyo inaweza kumkuta amechelewa.

Kengele si barua

Taarifa ya barua pepe ni kengele. Inatuambia mtu yuko mlangoni. Haifai iwe ndiyo mahali pekee panapotunza maneno yake, kwa kuwa kengele inaweza kukosa kulia: umeme umekatika, intaneti imefungwa, mega zimekwisha, sanduku limejaa.

Kwa hiyo kabla ya kutegemea taarifa, hakikisheni kwamba tovuti inatunza kila ujumbe. Fomu za Google zinafanya hivyo zenyewe. Contact Form 7 haifanyi hivyo mpaka muongeze plagini nyingine. Aliyeitengeneza alitoa pia Flamingo kwa kazi hiyo. Bila kitu kama hicho, barua ikipotea njiani, maneno ya mtu yamepotea moja kwa moja.

Sisi tulikuwa na hifadhi, na ndiyo sababu niliweza kuzisoma zile barua 41. Zilichelewa, lakini zilikuwepo. Liko kanisa jingine ambalo fomu yake ilitegemea barua pepe tu. Wao hata hawajui waliokosa kujibiwa ni wangapi.

Nani apokee?

Hapa kazi ya fundi inakwisha, na kazi ya baraza la wazee inaanza.

Taarifa ikimwendea mtu mmoja tu, akiugua au akisafiri mlango umefungwa. Ikiwaendea watu kumi, kila mmoja anadhani mwenzake amejibu. Kwetu tumeona watu wawili wanafaa: mmoja ni mwenye zamu, wa pili ni msaidizi wake. Anwani si ya jina la mtu. Ni ya kazi, kwa mfano "ofisi" au "maombi" ikifuatwa na jina la tovuti. Watu wakibadilika, anwani inabaki, na neno la siri linabadilishwa siku ile ile ya makabidhiano. Kama vile katibu anavyokabidhi mhuri, daftari la ubatizo na funguo, sasa akabidhi pia sanduku la barua na ruhusa za fomu. Liandikwe kwenye ripoti ya makabidhiano, na wote wawili watie sahihi.

Fomu moja inaweza pia kugawa kazi. Wekeni swali la kwanza: unaandika kwa ajili ya nini? Maombi, vyeti, msaada, au jambo lingine? Plagini nyingi zinaweza kupeleka taarifa kulingana na jibu: vyeti kwa katibu, maombi kwa kikundi cha maombi, msaada kwa ofisi ya diakonia.

Kisha semeni ukweli kwa anayeandika. Badala ya "Asante" peke yake, andikeni: "Tumepokea. Tutakujibu ndani ya siku tatu. Kama jambo ni la haraka, piga simu ya ofisi," na muweke namba. Mkiahidi siku tatu, ziwe tatu. Ikiwa hamna mtu wa kusoma barua kila siku, ni heri kuondoa fomu na kuacha namba ya simu peke yake. Mlango usiokuwepo haumdanganyi mtu.

Mnaweza pia kuiagiza tovuti impelekee aliyejaza fomu barua fupi ya kuthibitisha. Ni jambo zuri, ila lina hatari yake. Roboti za wadanganyifu hujaza fomu kwa anwani za watu wengine, na tovuti yenu itawatumia watu hao barua wasizoziomba, mpaka jina lenu lichafuke kwa Gmail. Kwa hiyo wekeni kwanza kinga ya roboti kwenye fomu, na msirudie ndani ya uthibitisho maneno aliyoandika mtu.

Siri ya anayebisha

Katika majimbo yetu watu hawaandiki kanisani kuuliza saa ya ibada tu. Mama aliyetendewa jeuri anaandika. Kijana aliyekimbia kikundi cha silaha anaandika. Mke anayepigwa na mume ambaye ni mzee wa kanisa anaandika. Maneno yao yakifika mahali pasipofaa, yanaweza kuwaua.

Basi fikirini simu inayopokea taarifa. Kichwa cha barua na maneno ya kwanza huonekana kwenye kioo hata simu ikiwa imefungwa. Simu inaweza kuibiwa, kuazimwa na watoto, au kukaguliwa barabarani. Kama taarifa inasema jina la mama, kijiji chake na yaliyompata, siri yake imekwisha kutoka.

Kwa fomu za maombi na msaada, taarifa iseme jambo moja tu: "Kuna ujumbe mpya kwenye tovuti." Mwenye zamu ataingia kwa neno lake la siri na kuusoma huko. Fomu za Google kwa kawaida hufanya hivyo: zinaarifu bila kuandika majibu yenyewe. Kwa WordPress, futeni majina na maelezo kwenye maneno ya ndani ya taarifa, mkiwa mmekwisha kuhakikisha kwamba tovuti inayatunza. Wekeni pia mama mmoja mwaminifu kati ya wanaosoma, ili mwanamke mwenye jambo zito asilazimike kumweleza mwanamume.

Msiulize msichohitaji. Kwa ombi la maombi, jina la kwanza na njia ya kujibu vinatosha. Na msiitume picha ya ujumbe wa mtu kwenye kundi la WhatsApp la wanamaombi, hata kwa nia njema. Nchi yetu nayo ina sheria juu ya mambo haya: Sheria-amri namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, iliyoleta Kanuni za Mambo ya Kidijitali, ina sehemu ya kulinda habari za binafsi za watu. Lakini hata bila sheria hiyo, mchungaji anajua tangu zamani kwamba aliyoambiwa faraghani hayasemwi sokoni.

Jaribuni kila mwezi

Taarifa inayofanya kazi leo inaweza kukoma kesho bila kutoa sauti. Plagini inabadilishwa, neno la siri linabadilishwa, malipo ya tovuti yanakwisha. Kwa hiyo chagueni siku, kwa mfano Jumatatu ya kwanza ya mwezi, na mfanye hivi:

Mtu asiye mwenye zamu ajaze fomu kwa simu yake, akitumia anwani yake mwenyewe, na aandike saa aliyotuma. Mwenye zamu aangalie: taarifa imefika? Imekaa kwenye sanduku au kwenye taka? Ikiwa ni kwenye taka, aionyeshe Gmail kwamba si taka, kisha fundi aangalie tena SPF na DKIM. Akibonyeza "Jibu", jibu linamfikia aliyejaza? Mwisho, hesabuni ujumbe uliotunzwa kwenye tovuti na taarifa zilizofika. Hesabu zikitofautiana, kuna mahali panapovuja.

Kazi hiyo haifiki robo saa, na barua pepe chache hutumia mega kidogo sana kuliko video moja ya kwaya.

Tulivyomaliza

Mama wa Kampala tulimjibu. Jina la mwanawe lilikuwa kwenye daftari la ubatizo, na cheti kipya kilisafiri kwa basi. Wengine waliotuandikia hawakujibu tena. Anwani zao zilikuwa zimekufa, au wao wenyewe walikuwa wamechoka nasi. Kwa yule kijana, mchungaji alikwenda nyumbani kwao na wazee wawili. Hawakupeleka maelezo ya seva wala ya barua pepe. Walisema: "Uliita, hatukuja. Tusamehe." Walikaa naye mpaka jioni.

Sasa kwenye ukuta wa ofisi yetu kuna karatasi yenye jina la mwenye zamu wa juma, na chini yake idadi ya waliobisha na idadi ya waliofunguliwa. Kila Jumamosi namba hizo mbili zinapaswa kulingana.

Mpendwa unayesoma, kama kanisa lako lina fomu, usimalize siku ya leo kabla ya kuuliza swali moja: nani anasikia hodi? Ukikosa jina la kutaja, jaza fomu hiyo wewe mwenyewe, uone itakapofika.

Bwana atupe masikio ya kusikia, na miguu ya kwenda kufungua. Amina.